Likizo ya ligi Hell's Gate: Uwanja ambao refa hapingwi

LIGI ikienda mapumziko kupisha mechi za timu za taifa, shabiki wa Nairobi hubaki kama mchezaji aliyelishwa kadi nyekundu: nguvu anazo, pa kuzipeleka hana. Wiki hiyo kundi letu la WhatsApp lilikuwa limechoka kubishana kuhusu nani alistahili kuitwa Harambee Stars na nani ameitwa kwa kujuana. Ndipo mmoja wetu akatupa wazo: Jumamosi twendeni Hell's Gate tukaendeshe baiskeli.

Tulikuwa watano. Wawili wa Gor Mahia, wawili wa AFC Leopards, na mimi ambaye kazi hainiruhusu kusema upande wangu. Vuvuzela na isukuti viliachwa nyumbani kwa makubaliano. Wenyeji wa uwanja ule hawapendi kelele.

Hell's Gate ni mbuga ya kitaifa iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Ilitengwa rasmi mwaka wa 1984 na ina ukubwa wa kilomita 68 mraba hivi. Ukiiweka kando ya Tsavo ni kama uwanja wa shule ya msingi. Lakini ina jambo ambalo mbuga nyingi za Kenya hazina: unaruhusiwa kuingia bila gari. Unatembea kwa miguu, unapiga pedali, au unakwea miamba kwa kamba.

Safari yenyewe si ya matajiri. Tulipanda matatu hadi Naivasha, tukachukua nyingine ya barabara ya kusini mwa ziwa, tukashukia njia panda ambapo baiskeli hukodishwa. Hapa nikupe ushauri wa bure, ndugu shabiki. Kagua breki, gia na upepo wa magurudumu kabla ya kutoa hela, jinsi kipa anavyokagua nyavu kabla ya kipenga. Jamaa mmoja wa Gor alichagua baiskeli kwa sababu ilikuwa ya kijani. Cheni ilimtoka mara tatu kabla ya saa sita.

Ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, kwa hivyo usifike langoni na noti mkononi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja pia hazikubaliwi. Marufuku hiyo ilianza Juni 2020 katika mbuga zote nchini. Beba maji kwa chupa ya kudumu, na ubebe mengi. Kivuli ni haba na vumbi ni jingi.

Ukishapita Lango la Elsa, ukumbi unafunguka. Kushoto na kulia ni kuta za miamba myekundu, na mbele yako umesimama Mnara wa Fischer, jiwe la volkano lenye urefu wa mita 25 hivi, lililopewa jina la mvumbuzi Mjerumani aliyepita hapa mwaka wa 1883. Vijana walikuwa wakilikwea kwa kamba huku pimbi wakiwatazama kama mashabiki wa jukwaa la bei nafuu.

Mbele zaidi pundamilia walikatiza barabara, ngiri wakakimbia mikia juu, twiga wakatuangalia bila kutujali. Kisha tukaona nyati. Kelele zote za K'Ogalo na Ingwe ziliisha. Tulishuka, tukasimama mbali, tukangoja hadi kundi lilipovuka. Ukiwa ndani ya gari nyati ni picha. Ukiwa juu ya baiskeli nyati ni beki asiyeogopa kadi.

Wale wa Leopards walikuwa wameapa kumwona chui, mnyama wa jezi yao. Chui wapo huku, ila ni wachache na wanajificha.

"Ingwe hata kwao hawaonekani," akasema yule wa cheni mbovu. Tulicheka hadi nyani wakaondoka.

Kilomita kadhaa kutoka langoni tulifika kwenye korongo la Ol Njorowa. Hili ndilo lililowaleta wengi. Maji ya kale yalichonga mwamba hadi kukawa na njia nyembamba, na kuna mahali unanyoosha mikono na kugusa kuta zote mbili. Tulikuwa tayari kushuka, viatu vimefungwa. Askari wa wanyamapori akatikisa kichwa.

"Leo hapana, ndugu zangu. Kule juu kumefunga."

Tuliangalia juu. Jua lilikuwa linachoma. Mwenzetu mmoja wa Leopards akapandwa na hasira: "Bosi, hata wingu hakuna hapa! Sisi tumetoka Nairobi, tumelipa."

Askari hakupaza sauti. Alionyesha kwa kidole vilima vya mbali, ambako mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya masizi. Akatueleza kwamba mvua haihitaji kunyesha korongoni ili ikuue korongoni. Inanyesha kilomita kadhaa huko juu, maji yanakusanyika kutoka kila mteremko, kisha yote yanaingia kwenye mlango mmoja mwembamba. Ukisikia mngurumo, muda wa kupanda umekwisha.

Si hadithi za kutisha watoto. Mwaka wa 2012 vijana wa kikundi cha kanisa walisombwa humo humo na baadhi yao wakafa. Septemba 2019 maji yaliua watu saba, akiwemo kijana aliyekuwa akiwaongoza wageni. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likalifunga korongo baada ya mkasa huo. Walioingia siku hizo walikuwa kama sisi: wameacha kazi za wiki, wana kamera, wana furaha.

Tukakaa juu ya mwamba tukala mkate na mayai. Tukangoja saa nzima. Kusema kweli, hatukuona wala kusikia maji yoyote, na mwenzetu alilalamika njia yote ya kurudi kwamba tumenyimwa penalti ya wazi.

Nimeifikiria penalti hiyo tangu siku ile. Uwanjani refa akikosea, tunaandika malalamiko na wiki ijayo kuna mechi nyingine. Korongoni hakuna marudiano. Askari yule akikataza mara kumi na maji yaje mara moja tu, amefanya kazi yake mara zote kumi.

Kwa hivyo ligi ikipumzika tena, nenda. Fika asubuhi, uliza kuhusu mvua ya milimani kabla ya kuuliza kuhusu korongo, na ukiambiwa hapana, geuza baiskeli. Sisi tutarudi msimu wa kiangazi. Mwenzetu wa Leopards ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha, kwa sharti moja: safari hiyo anataka chui.