Usiipige laminesheni karatasi yenye kesi

Mwezi uliopita nilikwenda Kitengela kumjulia hali ami yangu. Mzee huyu aliondoka Mombasa na akiba yake ya maisha, akanunua ploti ya futi 50 kwa 100. Alipokwenda Kajiado kutafuta rekodi kwenye sajili ya ardhi, akakuta ploti ina jina la mtu mwengine. Aliyemuuzia anasema hajawahi kuuona huo mkataba, wala sahihi si yake.

"Lakini karatasi ninayo, mwanangu. Nimeihifadhi vizuri," ami akaniambia, akanitolea mkataba. Ulikuwa umepigwa laminesheni, unang'aa. Nilinyamaza kwa muda.

Nimekaa miaka mingi kwenye viti vya waandishi mahakamani, nikiwasikiliza wataalamu wa alama za vidole. Hawa hutusomesha jambo moja: mtu anaweza kuikana sahihi yake, lakini kuikana alama ya kidole chake ni vigumu.

Ukishika karatasi, jasho la vidole huingia ndani yake. Maji hukauka, lakini hubaki vitu vidogo viitwavyo asidi amino, vimeng'ang'ania nyuzi za karatasi kwa miezi, hata miaka. Macho hayavioni. Ule unga wa kupakwa kwa brashi, tunaouona kwenye filamu, hufaa zaidi kwa kioo au chuma kuliko karatasi. Kwa karatasi, mafundi wa maabara hutumia dawa iitwayo ninhidrini. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1910 na Siegfried Ruhemann huko Uingereza, na mwaka 1954 wataalamu wa Sweden wakaonyesha kuwa yaweza kufichua alama za vidole. Karatasi hupitishwa kwenye dawa, huachwa ikauke, na polepole mistari ya kidole hujitokeza kwa rangi ya zambarau. Kabla ya hapo hupigwa picha, kwa sababu dawa yaweza kuharibu wino.

Sasa mtaelewa kwa nini nilinyamaza. Laminesheni huifunika karatasi kwa plastiki, gundi na moto. Kuibandua bila kuiharibu ni kazi ngumu. Maji nayo huziosha zile asidi amino. Karatasi ikiloa, hubaki njia nyengine inayotafuta mafuta ya mwili, lakini ni ya taabu zaidi.

Tusidanganyane, alama ya kidole haimalizi kesi. Inasema nani aliishika karatasi, haisemi aliishika lini, wala nani aliyeiandika. Lakini mtu akiapa kwamba hajawahi kuiona karatasi, na kidole chake kiko juu yake, ana la kueleza. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu mahakama kusikiliza maoni ya mtaalamu kuhusu mwandiko na alama za vidole.

Basi, ndugu zangu mnaonunua ardhi bara au hapa Pwani, fanyeni utafutaji kwenye sajili kabla ya kutoa pesa. Mkishaona dalili ya utapeli, karatasi ya asili isipite mikononi mwa jamaa wote. Shika pembeni tu, itie kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki. Usiandike juu yake, usiipige pini. Toa nakala mara moja, utumie hiyo. Andika pembeni nani alikupa na siku gani. Na polisi wakitaka alama zako pia, usikasirike: wanataka kuzitenga zako na za mshukiwa.

Nilimuuliza ami kama kuna karatasi nyengine. Akafikiri, akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha zamani. Ndani yake mlikuwa na risiti ya malipo ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono na muuzaji mwenyewe, imekunjwa mara mbili, haijaguswa tangu siku ile.

"Usiifungue, ami," nikamwambia. "Nitafutie bahasha."

Asubuhi tuliipeleka kituoni. Tunasubiri.