Soma Kaguzi za Gari Kabla ya Kusoma Odometa

Anayetafuta gari lenye umri wa miaka kumi na zaidi hutazama kwanza kilometa kwenye dashibodi. Wauzaji wanaijua tabia hiyo, na ndiyo maana namba hiyo huchezewa kabla ya kitu kingine chochote. Odometa ya kidijitali inarudishwa nyuma kwa kifaa kidogo na muda mfupi. Hata pale ambapo haijaguswa, namba moja haikwambii gari liliishije mpaka likafika hapo: liligongwa wapi, lilitengenezwa lini, liliachwa na kutu kwa miaka mingapi. Kwa hiyo uzito wa kwanza upewe kumbukumbu za kaguzi, yaani mfululizo wa tarehe, kilometa na kasoro zilizoandikwa na watu ambao siku ile hawakuwa wanakuuzia wewe gari.

Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka Dar es Salaam na Mombasa yanatoka Japani, na Wajapani wanaandika. Gari dogo la binafsi hukaguliwa miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, hupima breki, taa, mwelekeo wa magurudumu, moshi na usahihi wa kipima mwendo, na kilometa za siku hiyo huingia kwenye cheti. Gari likifutwa usajili ili lisafirishwe, hutolewa cheti kingine ambacho mara nyingi kina kilometa za ukaguzi wa mwisho na za ule uliotangulia. Tuchukulie Toyota IST iliyosoma 61,000 katika ukaguzi mmoja na 83,000 miaka 2 baadaye. Ilikuwa ikitembea kama kilometa 11,000 kwa mwaka. Leo ikikutwa yadi inasoma 68,000, odometa imerudishwa nyuma. Ikisoma 86,000 na huku kadi inaonyesha imeshakuwa barabarani Dar miaka minne, hapo pia muuzaji ana la kueleza.

Karatasi ya mnada ina utajiri zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Mkaguzi wa mnada huko Japani hulipatia gari daraja, kisha huchora alama juu ya picha ya bodi. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni bati lililonyooshwa likabaki na mawimbi chini ya rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa, kwa hiyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Wanunuzi wengi wakiona XX kwenye mlango hukimbia. Kwa hesabu ya Wajapani, mlango au bampa iliyobadilishwa haiingii kwenye historia ya ajali. Inayoingia ni mifupa ya gari, yaani chesesi, nguzo, sakafu na paa, na gari lililotengenezwa huko hupewa R au RA badala ya daraja la namba. Mimi ningechukua daraja 3.5 lenye mlango uliobadilishwa na kuliacha gari la R linalong'aa kama jipya. Tazama pia mwaka wa usajili wa kwanza, ambao huandikwa kwa kalenda ya Kijapani: H20 ni 2008, R1 ni 2019. Miaka si jambo dogo kwetu, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania huliongezea ushuru.

Kwa magari yanayotoka Uingereza kumbukumbu ziko wazi kabisa. Ukaguzi wa MOT ni wa kila mwaka gari likishafika miaka 3, na matokeo yake tangu 2005 yanasomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuingiza namba ya gari. Kwa hiyo mwombe muuzaji namba ya zamani ya Uingereza. Ukifungua, usitafute gari ambalo halijawahi kufeli. Lililofeli kwa breki za nyuma na kupita wiki ileile limekuonyesha mtu anayetengeneza. Lililopewa tahadhari ya kutu chini ya milango miaka mitatu mfululizo, kutu ileile, upande uleule, limekuonyesha mtu aliyelipia cheti tu, na kutu hiyo haikusimama kumsubiri mnunuzi.

Wapo watakaosema karatasi hughushiwa. Ni kweli, na ndiyo sababu haifai kuipokea mkononi mwa muuzaji na kuishia hapo. Linganisha namba ya chesesi iliyo kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Kisha, kwa namba hiyohiyo, tafuta nakala ya karatasi ya mnada wewe mwenyewe. Zipo huduma zinazoitoa kwa ada ndogo ukilinganisha na bei ya gari. Wengine watasema fundi wao anatosha. Fundi ni wa lazima, kwa kuwa MOT haipimi hali ya injini, klachi wala giaboksi, na shaken nayo inajali usalama na moshi. Lakini fundi anaiona siku ya leo peke yake. Ukimpa karatasi yenye W kwenye ubavu wa nyuma, atajua kwamba zulia la buti liinuliwe ili aone kama chini kuna mshono wa kuchomelea.

Pingamizi zito ni la gari lililokwisha kukaa nchini miaka mingi, likapita mikono mitatu na makaratasi yakapotea. Namba ya chesesi bado ipo, kwa hiyo anza nayo. Baada ya hapo omba risiti za gereji na vikadi vya kubadilishia oili, maana huandikwa tarehe na kilometa, na vitatu au vinne vinatosha kuonyesha kama namba inapanda. Vikikosekana vyote, lihesabu kuwa gari lisilojulikana kilometa zake na utaje bei yako kwa msingi huo, hata dashibodi iseme nini. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma kuonekana, kwenye gari linalosoma 60,000, inatosha kushusha bei au kukuondoa hapo yadi.