Bei ya kompyuta haiishii dukani

Mkulima anayenunua trekta anajua kuwa bei ya dukani ni mwanzo tu. Dizeli, vipuri na mshahara wa dereva humsubiri kila msimu. Vyuo vikuu vinavyowekeza katika teknolojia ya kufundishia vina hesabu hiyo hiyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuweka masomo kwenye mtandao kwa programu za WebCT na Blackboard, ambazo leseni zake zilikuwa za kulipia. Baadaye kilihamia Moodle, programu iliyotolewa mwaka 2002 na isiyotozwa ada ya leseni. Intaneti nayo ilitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa, hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipozinduliwa Julai 2009.

Hata hivyo, programu ya bure haifanyi mfumo mzima kuwa wa bure. Mafundi hulipwa, umeme hukatika, mashine huchakaa, na mhadhiri asiyefunzwa hurudi kwenye chaki. Anayeumia ni mwanafunzi, ambaye ada yake huenda imetokana na mavuno ya mzazi.

Chama cha ushirika au mwenye duka anayetaka kompyuta ya kutunza hesabu naye atenge fedha za leseni, matengenezo na mafunzo kila mwaka. Asipofanya hivyo, atakuwa amenunua pambo la mezani.