VALI IKISHAREKEBISHWA, JE, NDIO MWISHO?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini je, ufa ukishazibwa, ukuta hautazamwi tena?

Binamu yangu alizaliwa na kasoro ya vali ya moyo, akapasuliwa akiwa na miaka 3. Leo ana miaka 11, anaruka kamba kutwa nzima. Basi jamaa wengine huuliza, "Huyu si alipona? Nauli ya kliniki kila mwaka ni ya nini?" Nami nitawajibu hapa.

Ndugu msomaji, moyo una vali nne. Hizi ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Kwa siku moyo hupiga kama mara 100,000. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwa baadhi yao vali ni nyembamba mno au inavuja.

Daktari akiweza, huishona vali ya mtoto mwenyewe, maana hiyo hukua pamoja naye. Vali ya bandia ya kaboni haikui, na mwenye nayo hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Ile ya ng'ombe au nguruwe nayo huchakaa upesi mwilini mwa mtoto.

Chukua mfano wa kasoro iitwayo tetralojia ya Fallot. Mwaka 1954, daktari C. Walton Lillehei kule Minnesota, Marekani, aliirekebisha kwa mara ya kwanza. Watoto waliokuwa wakifa wadogo wakaanza kufikia utu uzima. Kumbe safari haijaisha! Ili kupanua njia ya damu kwenda mapafuni, mara nyingi vali ya hapo hukatwa. Baadaye huvuja miaka mingi, na chumba cha kulia cha moyo hutanuka pasipo mwenyewe kuhisi lolote. Wengi huhitaji vali mpya ukubwani. Hata hivyo, mwaka 2000 Philipp Bonhoeffer aliingiza vali kupitia mshipa wa damu kule Paris, na siku hizi baadhi yao hawapasuliwi kifua tena.

Kliniki hupima moyo kwa mawimbi ya sauti, uvujaji ukaonekana kabla moyo haujachoka. Meno pia yatunzwe, kwani viini vya meno mabovu huweza kuingia damuni vikashambulia vali.

Kwa hivyo, jamaa zangu, nauli hiyo si hasara. Mpeni mtoto aende.