Yoti ya Komoro: uliza kwanza inalala wapi

MINNEAPOLIS, Marekani – Wasomaji wa Maskati na Dubai mmeshazoea kukodi boti kwa saa. Mnakwenda Dubai Marina au Al Mouj, watu 10, keki moja, saa tatu baharini, mnarudi na chumvi mdomoni na picha mia mbili kwenye simu. Kukodi yoti kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi ni habari nyingine. Huko hukodishwa kwa wiki, mnalala humo humo, mnakula humo humo, na nahodha ndiye mwenyeji wenu usiku na mchana. Na bei inayoandikwa kwenye tangazo, ndugu msomaji, ni mwanzo tu wa hesabu.

Familia yetu inalijadili jambo hili tangu Januari. Mama yetu alizaliwa Ngazija, akavushwa kuja Unguja akiwa na miaka sita, na sasa ana 74, anaishi na dada yangu Al Khoudh. Kaka yuko Abu Dhabi. Mimi niko hapa Minneapolis, huu mwaka wa 15. Sote kwa pamoja hatujawahi kufika alikozaliwa. Shemeji yangu ndiye aliyeleta wazo kwenye grupu la WhatsApp: tukodi yoti siku saba, tuzunguke Ngazija, Mwali na Nzwani, mama akae juu apigwe na upepo. Akaambatanisha tangazo la dalali mmoja wa mtandaoni, katamarani nyeupe ya vyumba sita, meza imetandikwa, mpishi yumo, bahari rangi ya feruzi. Kazi ya kuulizia nikapewa mimi, eti kwa kuwa niko Marekani.

Mtu atasema, Minneapolis na bahari wapi na wapi? Kweli tuko katikati ya bara. Lakini jimbo hili la Minnesota lina maziwa zaidi ya 10,000, na boti zilizosajiliwa zinapita 800,000 wakati watu wenyewe hawafiki milioni 6. Majira ya baridi Ziwa Minnetonka linaganda hadi watu wanaegesha magari juu yake, na boti zimefungwa plastiki nyeupe uani kama mizigo ya bandarini. Ndipo kila Januari hufanyika maonyesho makubwa ya boti katikati ya mji. Nje barafu, ndani watu wanapapasa usukani. Wengi wao wamejifunza tanga kwenye maziwa haya na kwenye Ziwa Superior, kisha baridi ikizidi wanakwenda kukodi boti Karibi. Kwa hiyo mikataba ya yoti wanaijua kama sisi tunavyojua mikataba ya nyumba.

Jirani yangu, mzee mstaafu, kila kiangazi hukodi boti ya tanga Bayfield, upande wa Wisconsin. Nikampelekea karatasi za dalali. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote bila kusema neno, kisha akauliza swali moja tu: hii boti inalala wapi?

Nikamwandikia dalali. Jibu likachukua siku tatu. Inalala Nosy Be, Madagaska.

Boti ya nchi nyingine

Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Komoro haina marina. Haina kituo chenye safu ya yoti za kukodisha kama kile cha Eden Island kule Mahé, Shelisheli. Bandari ya zamani ya Moroni, ile iliyo mbele ya Msikiti wa Ijumaa, maji yakipwa mashua zinakaa chini. Ngazija ni mlima wa moto uliosimama baharini, Karthala una mita 2,361, na pwani yake inadidimia ghafla, kwa hiyo mahali pa kutia nanga kwa usalama ni pachache. Bandari yenye kina iko Mutsamudu, Nzwani. Yoti unayoiona kwenye tangazo la Komoro, mara nyingi, imepigwa picha kwingine na itatoka kwingine.

Kutoka Nosy Be hadi Mwali ni kama kilomita 500. Katamarani ikitembea vizuri itachukua karibu siku mbili, usiku na mchana. Kutoka Mahé ni zaidi ya kilomita 1,500, karibu wiki nzima. Safari hiyo ya kuja tupu na kurudi tupu ina mlipaji, na mlipaji si mwenye boti.

Tufanye hesabu ya mfano tu, msije mkadhani ndiyo bei ya soko. Tuseme boti ni yuro 20,000 kwa wiki. Juu yake kuna fedha ya matumizi inayotangulizwa, ambayo nahodha huitumia kwa mafuta, chakula na ada za bandari. Desturi ni kati ya asilimia 25 na 35 ya kodi, na ikibaki mnarudishiwa. Tuchukue 30, hiyo ni 6,000. Mwenye boti akidai kodi ya siku nne za kuja na kurudi tupu, ni zaidi ya 11,000. Bakshishi ya mabaharia, asilimia 10, ni 2,000. Mnakaribia 40,000, na bado hamjakata tiketi hata moja ya ndege. Tangazo lilisema 20,000.

Sisemi ni wizi. Mafuta yanachomwa kweli na mabaharia wanafanya kazi kweli. Ila dalali wetu hakuyataja haya mpaka tulipouliza, na alipoyataja alitaka nusu ya kodi iingie kwenye akaunti ya mtu binafsi ndani ya saa 48. Mikataba inayotumiwa na madalali wa maana, kama ule wa MYBA, huitaka fedha ishikiliwe kwenye akaunti maalumu hadi safari ianze. Akaunti yenye jina la mtu ikitajwa, hapo ndipo pa kuaga kwa adabu.

Watu 13

Familia zetu si ndogo, kwa hiyo hili lisomeni mara mbili. Kwa sheria za kimataifa za usalama wa meli, chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa meli ya abiria, na masharti yake ni mazito. Ndiyo maana yoti nyingi za kukodi, hata ziwe kubwa namna gani, hukomea 12. Mabaharia hawahesabiwi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahesabiwi.

Sisi ni 14. Kaka ana mtoto wa miezi minane, tukamtoa, tukabaki 13. Shemeji akasema hao watoto wadogo nani atawahesabu. Wanahesabiwa! Bima ikija kuuliza, hesabu itafanywa mmoja mmoja. Hata hapa Minnesota, kwenye ziwa ambalo ukisimama ng'ambo moja unaiona ya pili, boti ya kukodisha inayobeba zaidi ya abiria 6 lazima ikaguliwe na jimbo, na nahodha awe na leseni. Sikuona kwa nini tulegeze kamba kwenye Mlango wa Msumbiji.

Halafu kuna kalenda. Likizo ya Ghuba ni Julai na Agosti, na kusi wakati huo linavuma kweli kweli, bahari ya baina ya visiwa inachafuka. Mama na bahari iliyochafuka hawapatani. Julai na Agosti pia ndipo Wakomoro wa Ufaransa wanaporudi kwao kwa harusi kubwa, ndege zinajaa na nauli zinapanda. Mkisogea Desemba, mmeingia msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba hadi Aprili. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019. Chido kiliivunjavunja Maore tarehe 14 Desemba 2024. Bima za yoti nyingi haziruhusu boti ikae maji yale miezi hiyo, na ndiyo sababu Shelisheli, ambayo visiwa vyake vikuu viko nje ya njia ya vimbunga, imejaa boti na Komoro haina. Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba. Upepo umepungua, na nyangumi bado wako Mwali.

Kuna na suala la Maore. Ukitoka Nosy Be, kisiwa hicho kiko njiani, na dalali alikiweka kwenye ratiba kama kituo cha usiku mmoja. Lakini Maore ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, na viza yake ni mbali na ya Schengen. Mwenye pasi ya Tanzania asidhani atateremka tu. Niliisoma ratiba ile nikasita mahali hapo. Kati ya Nzwani na Maore ni kilomita 70 tu, na tangu Ufaransa ilipoweka viza kwa Wakomoro mwaka 1995, watu maelfu wamezama humo ndani ya kwassa, mashua ndogo za wavuvi zinazojazwa watu usiku. Mama ana jamaa waliopotea maji hayo. Kwenye tangazo imeandikwa “jioni ya machweo na vitafunio”. Dada akaomba sehemu hiyo asisomewe mama.

Mengine ni madogo lakini yaulizeni mapema. Chakula hununuliwa kabla hamjapanda, kwa hiyo nyama halali isemwe kwenye mkataba, si mkishafika. Pombe kama hamtaki iwemo, isemwe. Mabaharia ni wanaume watupu au kuna mwanamke, na wanalala upande gani. Ngazi ya kushukia kwenye kiboti ina vipandio vingapi, kwa mwenye magoti mabovu. Bima ya kumtoa mgonjwa kwa ndege iko au haiko. Na kibla: boti iliyotia nanga huzunguka na upepo na maji, mtaanza sala mmeelekea Makka mkamalize mmeelekea Msumbiji.

Hatimaye tukampigia mama kwa video, sote watatu, tukamweleza hesabu ilivyo. Akasikiliza. Akasema, “Mimi Ngazija sitaki kuiona kutoka baharini. Nilishaiona hivyo siku niliyoondoka.” Kisha akauliza kama wajukuu wanaweza kulala chini kwenye jamvi au siku hizi ni lazima kitanda.

Shemeji hakufurahi, na sina haja ya kumsema vibaya. Kwa familia ya watu wanane, isiyo na mzee, yenye uwezo, na inayotaka kuogelea pasipo na watu, wiki ya yoti kutoka Nosy Be hadi Mwali mwezi Oktoba inaweza kuwa safari ya kukumbukwa. Boti inalala karibu zaidi kuliko Mahé, na ukikubali kupandia na kushukia Nosy Be kwenyewe, zile siku nne za safari tupu zinageuka kuwa safari yenu. Ila mtakuwa na siku tatu tu za Komoro.

Sisi tumekata tiketi za Septemba. Wa Ghuba watapitia Dar es Salaam, kutoka hapo Air Tanzania inakwenda hadi Hahaya. Mimi na wangu tutatokea Chicago kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa. Siku sita Ngazija, nyumba ya kupanga karibu na jamaa wa mama. Kisha siku tatu Mwali, kwa ndege, maana mashua zinazovuka kutoka Chindini nimezikataa. Kule Nioumachoua kuna visiwa vidogo mbele ya kijiji, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2001, na wavuvi wanachukua watu kwa boti za mashine siku nzima kuona nyangumi, na Itsamia usiku kuna kasa wanaotaga. Gharama ya boti kwa siku hizo tatu haifiki bakshishi ya ile yoti. Mtoto wa kaka atakuwa ameshatimiza mwaka, tutakuwa 14 kamili, boti mbili.

Minnesota mtoto chini ya miaka 10 haruhusiwi kuwa kwenye boti inayotembea bila jaketi la kuokolea. Sheria hiyo nimeamua kusafiri nayo. Majaketi saba ya watoto, ya saizi tofauti, nimeshayanunua na yamejaza sanduku moja zima. Dada ameuliza zawadi za kina shangazi zitaingia wapi.