Blanketi la viraka: Milimita moja na nusu inavyokula faida ya fundi

MABAKI ya vitenge na khanga yanayofagiliwa kila jioni kwenye vibanda vya mafundi cherehani ni malighafi ambayo wengi hawajaipangia bei. Fundi akijua kuyaunga vizuri, mabaki hayo hugeuka foronya za makochi, vitandiko na mablanketi ya viraka ambayo wateja hununua kwa hiari yao, hasa kipindi ambacho tenda za sare za shule zimekwisha na mavuno bado.

Tatizo ni kwamba wengi wanaoanza kazi hii huishia njiani. Wanashona miraba 20 au 30, na siku ya kuiunganisha wanakuta mmoja ni mkubwa, mwingine mdogo, mwingine umepinda. Hapo huamua kuvuta kitambaa ili kifike, blanketi linatoka na mikunjo, mteja analirudisha. Muda, uzi na mkaa wa pasi vyote vinakuwa vimepotea.

Makala haya yanaangalia mtindo mmoja unaofaa sana kwa vipande vyembamba, ule unaoitwa nyumba ya magogo, makosa yanayoutokea mara kwa mara na namna ya kuyarekebisha kabla hayajawa hasara.

Mtindo wenyewe

Mtindo huu ulienea Marekani kuanzia miaka ya 1860. Katikati huwekwa mraba mdogo, mara nyingi mwekundu, ambao husimuliwa kuwa ni jiko la nyumba. Kuuzunguka mraba huo huungwa kanda nyembamba, moja baada ya nyingine, kama magogo yanavyopangwa kujenga ukuta. Pande mbili zinazopakana huwa za rangi za kung'aa, mbili nyingine za rangi nzito.

Uzuri wake kwa mfanyabiashara mdogo ni kwamba ukanda mrefu kuliko yote kwenye mraba wa kawaida hauzidi sentimita 22. Karibu kila pande la kitenge linalobaki baada ya kukata gauni linatosha.

Vipimo vya kuanzia

Tuchukue mraba ambao ukishaunganishwa kwenye blanketi utaonekana wa sentimita 20 kwa 20. Akiba ya mshono ni sentimita 0.75 kila upande. Kata mraba wa katikati sentimita 6.5 kwa 6.5. Kanda zote ziwe na upana wa sentimita 4. Ukanda wa kwanza unakaa juu ya mraba wa katikati, wa pili kulia, wa tatu chini, wa nne kushoto, kisha unaendelea kuzunguka hivyo hivyo. Urefu wake ni huu:

Mzunguko wa kwanza: 6.5, 9, 9 na 11.5.
Mzunguko wa pili: 11.5, 14, 14 na 16.5.
Mzunguko wa tatu: 16.5, 19, 19 na 21.5.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza, mraba wako upime sentimita 11.5 kila upande. Baada ya wa pili upime 16.5. Baada ya wa tatu upime 21.5. Andika namba hizi tatu kwenye karatasi na uzibandike ukutani mbele ya cherehani. Ndizo zitakazokulinda.

Kosa la kwanza: Mraba mdogo au mkubwa mno

Hili ndilo kosa linaloua biashara, na chanzo chake ni upana wa mshono. Fundi mzoefu wa magauni hujua kukadiria kwa jicho, na kwenye gauni kosa dogo halionekani. Hapa hali ni tofauti, kwa sababu ukipima mraba kutoka upande mmoja hadi mwingine unavuka mishono sita.

Tufanye hesabu. Tuseme unashona kwa akiba ya sentimita 0.9 badala ya 0.75. Umekosea milimita moja na nusu tu. Lakini kila mshono unashika vitambaa viwili, kwa hiyo kila mshono unakula milimita tatu zaidi. Mishono sita inakula milimita 18. Mraba uliopaswa kuwa sentimita 21.5 unatoka 19.7. Ukiweka miraba sita ya namna hiyo kwenye mstari mmoja, na mstari unaofuata ukawa na miraba sita sahihi, mistari hiyo miwili itapishana kwa karibu sentimita 11. Hakuna pasi wala pini itakayoziba pengo hilo.

Dawa ni kupima mshono kabla ya kuanza kazi. Kata kanda tatu za jaribio zenye upana wa sentimita 4, uziunge pamoja na uzipige pasi. Zote kwa pamoja zinapaswa kupima sentimita 9, na ukanda wa kati uonekane sentimita 2.5 kamili. Ukipata pungufu, mshono wako ni mpana. Ukipata zaidi, ni mwembamba.

Baada ya hapo bandika plasta kwenye bamba la cherehani, umbali wa sentimita 0.75 kulia kwa sindano, ikiwa imekunjwa tabaka kadhaa ili iwe kingo. Kitambaa kitembee kikigusa kingo hiyo. Kumbuka pia kwamba mkunjo wa kitambaa wenyewe hula kidogo, hivyo jaribio lako likitoka na upungufu mdogo, sogeza plasta karibu na sindano kwa unene wa uzi mmoja na ujaribu tena. Kama kazi inafanywa na mafundi wawili au watatu, kila cherehani kijaribiwe kivyake.

Kosa la pili: Kingo zinazocheza kama mawimbi

Mraba ukiwekwa mezani unakataa kulala. Katikati umetulia lakini kingo zinanyanyuka. Mara nyingi sababu ni mazoea ya kushona ukanda mrefu kisha kukata unaozidi. Ukanda huvutika taratibu chini ya mguu wa cherehani, na kila mzunguko unaongeza kitambaa kisichohitajika.

Kata kila ukanda kwa urefu wake kabla ya kushona. Bana pini mwanzo, katikati na mwisho, halafu shona. Ukanda ukionekana mrefu kidogo kuliko upande unaoungwa, usiuvute wala kuukata. Pima kwanza ujue ni ukanda uliokosewa au ni mraba.

Sababu nyingine ni kukata mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Usifuate maua ya kitenge, kwa kuwa chapa si lazima ilale sawa na nyuzi. Chomoa uzi mmoja na ukate kwa kufuata njia yake. Pande likiwa na ukingo wa kiwandani, kanda zikatwe sambamba na ukingo huo, maana huko ndiko kitambaa huvutika kidogo zaidi.

Kosa la tatu: Mraba uliopinda

Vipimo vya pande vinaweza kuwa sahihi lakini kona zisiwe sawa. Hapo tazama mraba wa katikati. Ukiwa umepinda kidogo, kila ukanda unaofuata utaupanua upindo huo.

Tengeneza vipimio vitatu vya boksi gumu: 11.5, 16.5 na 21.5 kila upande. Kona zake zipatikane kwa kutumia kona ya daftari jipya au rula ya pembetatu ya mwanafunzi. Kila mzunguko ukiisha, lalisha kipimio juu ya mraba. Penye tofauti ya milimita moja au mbili, punguza kwa mkasi. Ikizidi hapo, fumua ukanda husika. Kupunguza sana kutafanya ukanda mmoja uonekane mwembamba kuliko wenzake.

Kosa la nne: Kupoteza mpangilio

Ukishona miraba mingi kwa siku, ni rahisi kuweka ukanda upande usio wake. Kuna kanuni nyepesi. Kuanzia ukanda wa nne, upande unaofuata ni ule ambao mishono miwili inaishia kwenye ukingo wake. Ukiona upande hauna mishono miwili, hujafika zamu yake.

Kuhusu rangi, tenga mafungu mawili kabla ya kuanza, moja la rangi za kung'aa na jingine la rangi nzito. Ukanda wa kwanza na wa pili wa kila mzunguko utoke fungu la kwanza, wa tatu na wa nne fungu la pili. Kitambaa kinachokutatiza, kitazame ukiwa umefumba macho nusu au ukipige picha isiyo na rangi kwa simu. Kisipoeleweka ni cha fungu gani, kiache. Vitambaa vya namna hiyo ndivyo vinavyofanya blanketi zima lionekane kama mchanganyiko usio na mpango.

Kosa la tano: Kitambaa kinachobadilika baada ya kufuliwa

Mteja hataona kosa hili dukani, ataliona nyumbani. Vitenge vipya huwa na wanga wa kiwandani, na pamba hurudi ikifuliwa. Ukiunga kipande kilichofuliwa na kisichofuliwa, blanketi litajikunja mara likiguswa na maji. Fua mabaki yote kwanza. Chenye rangi nzito kiloweke na kukisugua juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifue tena au ukiondoe.

Usichanganye pamba na poliesta. Ili kuvitofautisha, choma nyuzi chache. Pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Wakati wa kupiga pasi, bonyeza na kunyanyua, usiburute, kwani kuburuta kunavuta kitambaa. Mishono yote ilale kuelekea nje, mbali na katikati. Anayetumia pasi ya mkaa aweke kitambaa safi juu ya kazi ili majivu yasiache doa.

Gharama ya kuchelewa kupima

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mtindo huu msemo huo unaweza kuwekewa namba. Ukigundua ukanda wa kwanza una kasoro mara tu ulipoushona, unafumua sentimita 6.5. Ukigundua baada ya ukanda wa kumi na mbili, unafumua mishono yote ya mraba, ambayo ni sentimita 168. Ukigundua baada ya kuunganisha, unafumua pia na miraba ya jirani.

Sasa tazama blanketi la sentimita 120 kwa 160. Linahitaji miraba 48, yaani kanda 576 na zaidi ya mita 80 za mshono kabla ya kuunganisha miraba yenyewe. Kwa kuwa mshono wa cherehani hutumia uzi mara mbili na nusu hadi tatu ya urefu wake, hizo ni mita 200 hadi 240 za uzi. Tukikadiria dakika mbili tu kwa kila ukanda, kuanzia kukata hadi pasi, ni saa 19 za kazi.

Upande wa kitambaa, kila mraba unakula sentimita za mraba 714 ili kutoa 400 zinazoonekana. Nyingine zinafichwa kwenye mishono. Miraba 48 inameza kitambaa sawa na mita tatu za kitenge chenye upana wa sentimita 115, na hapo hujaweka kitambaa cha chini wala cha kati. Ndiyo maana mtindo huu unalipa ukitumia mabaki, na haulipi kirahisi ukinunua kitenge kipya ili ukikatekate. Weka bei za eneo lako kwenye hesabu hizi kabla ya kumtajia mteja bei.

Kwa anayeanza, bora aanze na foronya ya kochi. Miraba minne inatoa uso wa sentimita 40 kwa 40, na kosa likitokea linagharimu miraba minne, si 48. Hata miraba iliyotoka midogo ina kazi: ipange kwa ukubwa, inayolingana ishone foronya ndogo, au uiongezee ukanda wa mwisho mpana kisha uikate yote 21.5.

Funzo kutoka Alabama

Kina mama wa Kaunti ya Wilcox, jimbo la Alabama nchini Marekani, walipitia njia hii. Walikuwa Wamarekani weusi kutoka familia za wakulima wa pamba, na mwaka 1966 walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mablanketi yao yalipigwa mnada New York, baadaye yakaingia kwenye maduka makubwa likiwamo Bloomingdale's. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushona foronya za kodrai kwa kampuni ya Sears, na mabaki ya kodrai hiyo wakayageuza mablanketi yao.

Nyumbani walikuwa wakishona kila mmoja kwa jicho lake, na kazi hizo zina uzuri wake; makumbusho ya sanaa ya Whitney ya New York yalizionyesha mwaka 2002. Lakini maduka yalitaka bidhaa ya kumi ifanane na ya kwanza, hivyo ushirika ulilazimika kuweka vipimo vya pamoja. Ushirika huo ulidumu hadi mwaka 2012.

Kwa vikundi vyetu, kazi ya sanaa ya kipande kimoja ina soko lake na haihitaji rula. Oda ya hoteli au nyumba ya wageni ya vitandiko kumi vinavyolingana ni jambo jingine. Kabla kikundi hakijapokea malipo ya awali ya oda kama hiyo, kila mwanachama ashone mraba mmoja na yote ipangwe juu ya kipimio kimoja cha sentimita 21.5. Usiolingana urudiwe siku hiyo hiyo, kitambaa cha oda kikiwa bado hakijakatwa.