"Salama, Ila": Kumpasha Mgonjwa Habari za Nyumbani Nyakati za Misukosuko

Katika maamkizi ya Kiswahili, anayeulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza kwamba ni salama, hata kama amefiwa, kisha ndipo hutamka neno dogo "ila", linalomwandaa msikilizaji kwa jambo zito linalofuata. Utaratibu huo hauhesabiwi kuwa uongo, kwa kuwa huipa habari nafasi ya kuingia taratibu. Kando ya kitanda cha mgonjwa, hata hivyo, ndugu wengi huishia kwenye "salama" na kuimeza "ila" yote, wakihofia kwamba taarifa ya msiba, ya nyumba kubomoka au ya kijana kukamatwa itampandisha mgonjwa presha.

Hofu hiyo ina msingi. Mshtuko wa ghafla huufanya mwili utoe adrenalini, yaani kemikali inayouandaa kukimbia au kupambana, nayo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, jambo la hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo au aliyetoka kupata kiharusi. Hata hivyo, mgonjwa naye huona. Katika hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala, kama katika nyingine jijini Dar es Salaam, saa za kutazama wagonjwa huleta wodini hotpoti za chakula na chupa za uji, na mgonjwa humjua kila mbebaji. Hivyo binti aliyekuwa akija kila asubuhi asipoonekana siku 3, uji ukaletwa na jirani, na kila simu ikapokelewa koridoni, mgonjwa huyo huwa ameshaambiwa bila kuambiwa.

Misukosuko inayolikumba jiji zima hufanya kuficha kuwe kugumu zaidi. Aprili 29, 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la silaha la jeshi huko Mbagala, wilayani Temeke, vishindo vilisikika mbali, watu wakakimbia ovyo, watoto wakapotezana na wazazi wao, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kwa mkazi wa Mbagala aliyekuwa amelazwa siku hiyo, balaa lenyewe halikuwa siri, na swali lililobaki lilikuwa nani ameonekana na nani bado hajaonekana. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, vurugu zilipozuka, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, hali iliyobana safari za jioni za kwenda hospitali na kuwanyima ndugu picha na sauti zinazotumwa kwa simu. Katika ukimya kama huo, mgonjwa hupokea habari za mtaa wake kutoka kwa anayemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili, na wahenga walishasema kwamba habari ya uongo ina ncha saba.

Yapo pia mambo yasiyoruhusu kucheleweshwa. Mwanamke Mwislamu akifiwa na mume hukaa eda, yaani kipindi cha kujizuia kuolewa na kujipamba, ambacho ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue ikiwa ni mjamzito, na kwa kauli ya wanazuoni wengi huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya kupata taarifa. Anayemficha mjane aliyelazwa anapunguza siku zake za eda bila yeye kujua, na vilevile anamnyima nafasi ya kutoa kauli yake kuhusu maziko.

Kinachofaa, basi, ni kupanga namna ya kusema. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua 6 uitwao SPIKES, uliokusudiwa madaktari wa saratani, ambao pamoja na mengine humtaka mtoa habari kutafuta faragha, kuuliza mgonjwa ameshajua nini, na kuuliza anataka kujua kiasi gani, kabla ya kueleza lolote. Hatua hizo hazitofautiani sana na desturi ya kumtuma mjomba au shangazi mmoja mwenye ulimi wa taratibu, baada ya kumuuliza daktari kama hali ya mgonjwa inaruhusu, huku wengine wote wakielezwa kwamba hilo si lao kulisema.

Kuhusu urefu wa habari, Msalaba Mwekundu una funzo la zamani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, fomu zake za kupashana habari za familia kati ya nchi zilizokatiwa mawasiliano ziliwekewa kikomo cha maneno 25, na ujumbe wake wa leo kwa waliotenganishwa na vita bado hubeba mambo ya kifamilia tu. Mgonjwa naye hahitaji simulizi ya risasi na moto. Anahitaji majina, aliye hai, aliyejeruhiwa, aliyefariki na mahali alipo kila mmoja, pamoja na jambo moja ambalo waleta habari husahau mara nyingi, nalo ni nani atakayeleta uji kesho asubuhi.